SHAMBA LA ZAMANI LA KASONGO NI LA NANI?

Haya ni maneno ya ndugu yetu, karani wa migodi, aliyoyasoma mbele ya wanachama na wazee wa Kasongo na Kabambare. Wengi waliokosa kufika wametuomba tuyachape. Tumeyachapa kama alivyoyasoma.



Nimeombwa niseme habari za shamba la zamani. Najua wengine wanaulizana: karani wa migodi ajua nini habari za mashamba? Ni kweli, jembe langu ni kalamu. Kila asubuhi nafungua daftari, naandika jina la mchimbaji, uzito wa mfuko wake wa kasiterite, na fedha anayostahili. Jina lisipoandikwa, mtu huyo hakufanya kazi, hata kama mikono yake imechubuka na mgongo wake umepinda. Kazi hiyo imenifundisha neno moja: mwenye daftari ndiye asemaye nani alikuwapo na nani hakuwapo. Kwa hiyo leo nataka tufungue daftari la shamba la Kasongo, tuone majina ya nani yameandikwa, na ya nani yameachwa.

Sababu ya pili ni hii. Msimu uliopita nilikaa katika baraza moja la kijiji. Sitataja kijiji wala watu. Jamaa wawili waligombea kipande cha shamba la mpunga bondeni. Mmoja akasimama akasema: "Huyu hana neno hapa. Bibi yao aliletwa kwa kamba." Baraza lote likanyamaza. Yule aliyeambiwa hivyo, mzee wa mvi, akachukua kofia yake akaondoka. Shamba lile alililima miaka mingi, na neno moja likamtoa. Tangu siku ile sina raha, maana hata katika ukoo wangu yuko aliyeletwa kwa kamba.

Basi tuanze mwanzo.

Mji wa kwanza wa Kasongo haukuwa hapa tulipokaa leo. Ulikuwa kule tunakokuita Tongoni. Jina lenyewe latufundisha: tongo ni mahali palipokaliwa na watu, kisha pakaachwa. Lakini kabla ya mji ule kujengwa, nchi hii ilikuwa na wenyewe. Upande wa Kabambare walikuwako Wabangubangu na Wabuyu. Upande huu Wakusu, Wazimba na wengine, na Wagenia wenye mitumbwi yao mtoni Lualaba. Walilima, walivua, walikwenda sokoni. Asije mtu akatuambia kwamba hapa palikuwa msitu mtupu.

Kisha zikaja safari za pembe za ndovu. Watu wa pwani walivuka Tanganyika kutoka Ujiji, wakashika njia ya Kabambare, wakafika Nyangwe. Mzungu Livingstone alifuata njia zao. Mwaka 1869 alifika Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, akauguza vidonda vya miguu huko miezi mingi. Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, na tarehe 15 Julai mwaka huo aliona kwa macho yake watu wa safari wakipiga bunduki katikati ya soko. Wengi waliokufa walikuwa wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Wengine walizama mtoni wakikimbia. Livingstone aliandika hesabu ya mamia ya watu. Majina yao hakuyaandika, wala hakuna mwingine aliyeyaandika.

Karibu na mwaka 1875 akaja kukaa Kasongo mtu ambaye jina lake nyote mnalijua: Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ndiye Tippu Tip. Habari za maisha yake aliziandika mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Nawaomba vijana wasome kitabu hicho, maana mna jambo ambalo kila mkulima wa Maniema apaswa kulijua.

Alipokuwa njiani kwenda Utetera, kwa mfalme mzee aliyeitwa Kasongo Rushie, Tippu Tip alisikia kwa watu kwamba zamani dada wa mfalme huyo alitekwa vitani akachukuliwa mbali. Akaitia habari hiyo moyoni. Alipofika akasema: mimi ni mjukuu wa yule binti aliyetekwa, nimerudi kwa jamaa zangu. Mzee akafurahi, akampokea kama damu yake, akamkabidhi utawala wa nchi. Hivyo ndivyo alivyopata nchi, kwa bunduki ndiyo, lakini pia kwa jina la msichana aliyetekwa.

Ndugu zangu, lipimeni jambo hilo. Tajiri aliposema "bibi yangu alitekwa", akapewa ufalme. Maskini wa leo akiambiwa "bibi yako alitekwa", ananyang'anywa tuta la mpunga. Neno ni lile lile. Tofauti ni nani analisema, na kwa faida ya nani.

Sasa tulitazame shamba lenyewe. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyetumika katika jeshi la mfalme Leopold, aliingia Kasongo mwaka 1893, na kitabu chake kilitoka mwaka 1897. Alishangaa. Aliona mji uliojengwa pale palipokuwa msitu, na pande zote mashamba ya mpunga, mahindi na miwa. Aliona bustani za michungwa, mipera, mikomamanga, mananasi, miembe na migomba. Chumba alichopewa kilikuwa na mlango wa kutokea kwenye bustani ya michungwa. Askari walilala juu ya magodoro ya hariri, katika vitanda vya kuchongwa. Alisifu akili na bidii ya Waarabu walioyafanya hayo yote.

Lakini mimi nauliza: bidii ya nani? Mbegu za mpunga zililetwa na watu wa pwani, hilo ni kweli, tusiwanyime haki yao. Maniema imekula wali tangu siku zile, na wali wetu umelisha miji mingine. Lakini mbegu haijifyekei msitu. Mama zangu mliokaa hapa mwajua kazi ya mpunga kuliko kitabu chochote. Kwanza ni kufyeka na kuangusha miti mikubwa kwa shoka. Kisha kuchoma, kisha kungoja mvua, kisha kupanda na kupalilia. Mpunga unapoanza kutia maziwa, ndege wanakuja kama wingu, na mtu hana budi kukaa juu ya dungu kuamia, tangu alfajiri mpaka giza. Kisha kuvuna, kupura, kuanika, kutwanga, kupepeta. Ndipo wali ufike mbele ya bwana katika sahani.

Na kwa nini ulitakiwa mpunga mwingi hivyo? Kwa sababu pembe hazikutembea zenyewe mpaka pwani. Zilichukuliwa mabegani na watu, na watu hao walitaka chakula. Shamba la Kasongo lilikuwa tumbo la safari. Waliotekwa vijijini, wenye nguvu walitwishwa pembe. Wanawake na watoto wengi walitiwa shambani. Hivyo utumwa ulilisha utumwa.

Nyanya wa babu yangu alikuwa mmoja wao. Katika ukoo wetu habari yake ni fupi. Alitekwa akiwa mtoto mdogo. Jina la kijiji chao hakulijua; alikumbuka mto, na mti mkubwa uliokuwa karibu na mlango wa mama yake. Mwenye nyumba akampa jina jipya, akamweka juu ya dungu kuamia ndege. Alikua pale, akalima pale, akazaa pale, akazikwa pale. Jina lake la kwanza, lile alilopewa na mama yake, limepotea. Mimi niandikaye majina ya watu kila siku, jina hilo siwezi kuliandika.

Msidhani nimesimama kuwatukana Waungwana. Hapana. Walioitwa Waungwana wa Kasongo, wengi wao walikuwa watoto wa nchi hii hii, waliotekwa wadogo, wakafunzwa Kiswahili, wakavaa kanzu, wakapewa bunduki. Ngongo Lutete, aliyetisha nchi yote ya Lomami, husemwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mtumwa utotoni. Mwaka 1892 akawageukia Wazungu akawapigania. Septemba 1893 wakampiga risasi kule Ngandu. Basi nani hapa awezaye kusimama akasema nyumba yao ina waungwana watupu, au watumwa watupu? Tukichunguza, katika kila ukoo tutamkuta aliyefunga na aliyefungwa.

Tippu Tip alifanywa wali wa Stanley Falls mwaka 1887, akila mshahara wa serikali ya Leopold. Mwaka 1890 akaondoka huku, akarudi zake Unguja, asionekane tena. Alifariki kule Juni 1905. Nyuma alimwacha mwanawe Sefu. Vita vya Wabelgiji na Waarabu vikawaka mwaka 1892. Lippens na De Bruyne, Wabelgiji wawili waliokaa Kasongo, wakauawa. Tarehe 4 Machi 1893 jeshi la Dhanis likaingia Nyangwe; tarehe 22 Aprili likaingia Kasongo. Sefu akafa Oktoba mwaka huo. Januari 1894 Kabambare nayo ikatwaliwa, na Rumaliza wa Ujiji akakimbia.

Bula Matari alisema amekuja kuwakomboa watumwa. Soko la watumwa lilikoma, na tushukuru kwa hilo. Lakini je, shamba walirudishiwa wenyewe? Walipewa waliolilima? Sheria ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla: tarehe 1 Julai 1885 serikali ya Leopold ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mtu ni mali ya serikali. Na nani alisema ipi ina mtu na ipi haina? Ni yule yule mwenye daftari. Vichaka tulivyoviacha vipumzike miaka kadhaa ili udongo upate nguvu, yeye aliviona havina mwenyewe. Na watumwa waliokombolewa, wengi walitiwa jeshini au katika kazi za posti. Novemba 1898 askari wa jeshi hilo hilo, walioasi kwa kuchoka na mateso, waliiteka Kabambare. Hata wao hawakuuona ukombozi walioahidiwa.

Baadaye posti ikawekwa mahali pengine, na mji wa zamani ukabaki tongo. Lakini shamba halikufa. Lilibadili bwana, likabadili na mmea. Mwaka 1917 Wabelgiji walianza kulazimisha vijiji kulima pamba, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza. Toka mwaka 1921 nchi iligawanywa sehemu sehemu, kila kampuni ya pamba ikapewa sehemu yake ya kununua. Mkulima akakuta mnunuzi ni mmoja tu, na bei imekwisha kutajwa. Mwaka 1933, kwa amri ya tarehe 5 Desemba, kazi ya lazima iliwekwa kuwa siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu, zikafanywa siku 120. Asiyelima alijua njia ya gereza, na fimbo ya kapita ilijua mgongo wake.

Wazee wetu walitusimulia walivyopimiwa mashamba kwa kamba. Kamba tena, ndugu zangu! Mbibi alifungwa kwa kamba apelekwe shambani, na mjukuu akapimiwa shamba kwa kamba alime pamba asiyoweza kuila. Na katika siku zile za pamba, bwana shamba hakuuliza nani mungwana na nani mtumwa. Wote walisimama mstari mmoja na jembe begani. Fimbo haikuchagua ukoo.

Uhuru ukafika tarehe 30 Juni 1960. Wengi waliamini kwamba sasa shamba litakuwa la mlimaji. Tarehe 7 Juni 1966 ikapita sheria ya Bakajika, iliyorudisha kwa serikali ya Kongo ardhi na madini waliyogawa wakoloni. Tukashangilia. Mwaka 1973 ikatoka sheria ya tarehe 20 Julai, iliyosema ardhi yote ni ya serikali. Na Novemba 30 mwaka huo Rais Mobutu akatangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatapewa wenyeji. Yakapewa wenyeji, naam, lakini wenyeji wangapi? Walipewa wakubwa na marafiki wa wakubwa. Sheria ile ya 1973, katika kifungu chake cha 389, iliahidi kwamba Rais atatoa amri ya kueleza haki za wanavijiji juu ya ardhi yao ya jadi. Miaka ikapita, ikawa kumi, ishirini, arobaini, na amri ile haikutolewa. Mwanakijiji akabaki analima juu ya ahadi.

Katikati ya hayo vikaja vita. Mwaka 1964 Simba walipita Kasongo, na tangu mwaka 1996 vita vingine vimepita njia ile ile ya safari za zamani. Watu walikimbilia msituni, mashamba yakarudi vichaka. Na kila watu waliporudi, mabishano yaliongezeka: huu mpaka wa nani, huu mwembe wa nani? Hapo ndipo neno la kamba hutolewa, kama kisu kilichofichwa mkekani.

Katika miaka ya karibuni wachimbuzi wa mambo ya kale, akiwamo mama Noémie Arazi pamoja na Wakongo wenzetu, walifika Tongoni na Kabambare. Walipima, walichimba, wakawauliza wazee, na maandishi yao yalitoka mwaka 2020. Nilifurahi kusikia. Lakini nilijiuliza pia: mgeni atoke mbali kuuliza habari zetu, na sisi tuliozaliwa hapa tukutane na habari hizo barazani tu, siku ya kugombana?

Basi shamba la zamani la Kasongo ni la nani? Twendeni kama makarani, tuhesabu. Wa kwanza walikuwa na nchi, wakanyang'anywa. Tippu Tip alikuwa nalo miaka kumi na mitano hivi, akaenda zake. Leopold alikuwa nalo mpaka 1908. Ubelgiji mpaka 1960. Wakubwa wa 1973 walikuja na kupita. Mabwana wote hao walikuja na wakaondoka. Nani hakuondoka? Ni yule mwenye jembe. Alikuwako chini ya pembe, alikuwako chini ya pamba, alikuwako chini ya vita, na kesho asubuhi atakuwako bondeni na watoto wake wakiamia ndege. Jasho la vizazi vitano au sita limeingia katika udongo ule. Kama hilo si haki, haki ni nini?

Wazee watanijibu: na wenye nchi wa kwanza, je? Ni kweli, nao wana haki, wala siji kuifuta. Ukoo uliokuwako kwanza una heshima ya kwanza: wao ndio wanaojua mipaka, wao ndio wanaoulizwa. Lakini kuwa wa kwanza kukaribisha wageni si ruhusa ya kumfukuza aliyeletwa kwa nguvu, asiyejua pa kurudi. Wenzetu wa pwani husema: mwacha mila ni mtumwa. Mimi nawajibu kwa heshima: mtoto yule wa kwenye dungu hakuacha mila yake. Mila yake ilinyofolewa mkononi mwake. Aibu si yake, ni ya waliomfunga.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, kisha nitakaa.

La kwanza: katika mabaraza yetu, neno "aliletwa kwa kamba" lisiwe ushahidi wa shamba. Mtu aulizwe: umelima tangu lini, nani aliona, mpaka wako ni upi? Mwenye kutoa neno la kamba na anyamazishwe na wazee palepale, mbele ya watu wote, kama vile mzee wetu alivyoaibishwa mbele ya watu wote.

La pili: kila kijiji kiwe na daftari. Daftari la shule latosha. Liandikwe jina la mlimaji, na la baba yake, na la bibi yake kama lajulikana. Shamba liko wapi, mpaka wake ni mto gani na mti gani. Na mashahidi wawili, mmoja wa ukoo wa kwanza na mmoja wa walioletwa. Lifanywe sasa, kabla wazee hawajatuacha. Siku ya sheria, au siku ya kampuni kuja na karatasi zake, tusikutwe mikono mitupu. Nanyi mliosoma, msiseme hamna nafasi. Jumapili mmoja kwa mwezi mimi nitatoa kalamu yangu bila malipo.

La tatu: miembe ya zamani iliyo vijijini mwetu isikatwe kwa ajili ya makaa. Ile ni mashahidi. Walioipanda hawakuandikwa popote. Mti ndio sahihi yao.

Na yule mzee aliyechukua kofia yake akaondoka, natumaini maneno haya yatamfikia. Baba, rudi barazani. Daftari litakapofunguliwa, jina lako tutaliandika katika ukurasa wa kwanza, na chini yake nitaomba niandike la nyanya wa babu yangu. Jina lake la kwanza silijui, nitaandika hivi: mtoto aliyeamia ndege Kasongo.

 Uhuru na umoja!